Kisimba Anashinda Bure

Mimi huyu Kisimba sijawahi kumuona kwa macho yangu. Miaka mitatu nimekaanga mikate kwenye mulango wa nyumba ya video ya Papa Germain, hapa Kataki, mafuta yananichemkia mbele, pazia jeusi liko nyuma ya mugongo, na ndani ya pazia Kisimba anapiga watu. Ninamujua kwa sauti tu. Na ile sauti ilikuwa ya bwana yangu, Barnabé.

Kwa wenye hawajui, niwaeleze. Katuni zinakuja kwetu na Kifaransa, na watoto wengi wa hapa Kifaransa chao ni cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo muntu anakaa pembeni ya televizyo na mikro mukononi, picha zinapita, na yeye anasema yote kwa Kiswahili: kijana, muzee, mama, farasi, mupaka upepo. Hiyo njo ilikuwa kazi ya Barnabé. Walimuita mufasiri, lakini hilo ni neno la heshima tu. Alikuwa anatia chumvi. Yule kijana wa katuni huko kwao ana jina ambalo meno yetu yanalikataa. Barnabé akamubatiza Kisimba, mutoto wa Zongwe, kama mutoto wa huku kwetu. Adui wake, muntu wa koti refu anayefukuza watoto kila episodi, akamuita Bwana Minerval, kwa sababu, alisema, hakuna kitu kinachofukuza watoto shuleni kama minerval, ile pesa ya kulipia shule. Watu walicheka wiki nzima. Hata mwalimu mumoja alikuja kuangalia.

Na mungemuona huyo Barnabé nje ya pazia! Mwembamba, mupole, sokoni hajui kuomba wapunguze bei. Kwenye kikao cha ndoa ya dada yake alikaa saa tatu bila kufungua kinywa, mupaka shemeji wakauliza kama ni bubu. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa treni, akamuleta hapa kutoka Kabalo angali mudogo, na kitu alichopata katika maisha ni sauti, aliyofundishwa kwenye koro, ile kwaya ya kanisa. Mupe mikro, utatafuta mahali pa kujificha. Munyanganye mikro, hana la kusema.

Tuna mutoto mumoja, Gracia, ana miaka kumi. Nyumba yetu ina ukuta mumoja na video. Papa Germain alituweka pale makusudi ili mufasiri asichelewe kazi. Asubuhi Barnabé alifanya mazoezi ya episodi ya siku ile na telefone yake, Gracia pembeni, kabla ya shule. Yeye njo alikuwa wa kwanza kusikia kila episodi katika muji wote wa Kalemie, na shuleni alijisifu nayo kupita kiasi.

Lakini musifikiri alikuwa wa kupiga makofi tu. Aka! Yule mutoto alikuwa na kelele.

«Papa, juzi Kisimba alikuwa hajui hata kushika fimbo. Leo anapiga walinzi kumi. Alijifunza saa ngapi?»

«Alijifunza wakati tulikuwa tunakula,» Barnabé anacheka.

«Na Kayumba?»

Huyo Kayumba alikuwa muchota maji. Kwenye katuni kuna muji juu ya mawingu, na ngazi mia tatu za kuupanda. Kila asubuhi Kayumba anabeba ndoo mbili mupaka juu, maana na yeye anataka kuwa mulinzi wa muji, na aliambiwa kubeba maji njo mwanzo wa kazi. Kila episodi anateleza, ndoo zinamwagika, watu wanacheka, basi, habari yake imekwisha. Barnabé alimupa kigugumizi ili wacheke zaidi.

«Kayumba anaamuka mapema kuliko wote,» Gracia anasema. «Kisimba analala mupaka jua linamuchoma, halafu anashinda. Anashinda bure! Haya ni mambo gani?»

«Mwanangu, ni katuni.»

«Basi na katuni inaonea watu.»

Hata hivyo kesho yake alikuwa wa kwanza kuamuka kuuliza Kisimba amefika wapi. Upendo wa watoto uko hivyo.

Mwezi wa pili, siku moja ya mvua, Gracia alikwenda mutoni Lukuga kuosha sahani, akateleza kwenye mawe. Muguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Hospitali walimufunga plâtre, ile chokaa nyeupe inayokauka ngumu, kuanzia paja mupaka vidole. Docteur akatuangalia wote watatu, mumoja mumoja. «Huu muguu usiguse chini wiki sita. Wiki sita! Hata akijisikia mwenye nguvu.» Tukasema ndiyo, Docteur. Tulikuwa tunasema kweli.

Wiki ya tatu ikafika ile episodi.

Bwana Minerval amemuvunja Kisimba muguu. Kesho yake ni vita, na Kisimba analala kwenye majani, amekwisha. Muzee wake wa kumufundisha anakuja, anamugusa, na kwa Kifaransa anasema neno moja tu, kwamba simama. Neno moja! Lakini bwana yangu angeridhika na neno moja? Asubuhi ya Jumamosi alifanya mazoezi mara tatu mbele ya kitanda cha Gracia, na kila mara aliongeza. Nilikuwa ninakanda unga, ninamusikia, nikafikiri moyoni: leo mikate itaisha.

Na saa tisa, watu wamejaa mupaka kwenye madirisha, akalifungua lile neno.

«Simama, Kisimba! Maumivu ni uongo! Muguu hausikii docteur, unasikia moyo! Anayeamini hangoji siku! Mutoto wa Zongwe, simama!»

Nyumba ililipuka. Watu walipanda juu ya mabenchi. «Simama! Simama! Simama!» Na mimi, Evodie, mama muzima, kijiko cha mafuta juu, nilipiga kelele pamoja nao: «Simama!» Nilikuwa na furaha. Nasema hivi ili musifikiri ninamutupia Barnabé muzigo wote. Sauti yangu ilikuwemo ndani.

Halafu nikasikia sauti nyingine, nyembamba, na haikutoka ndani ya video.

Nikakimbia nyumbani, nikamukuta Gracia chini, pembeni ya kitanda. Plâtre ilikuwa imepasuka kwenye goti. Hakulia sana; alikuwa ananiangalia kama muntu aliyefanya vizuri sehemu yake na hajui kosa liko wapi.

«Niliamini, Mama,» akasema. «Niliamini kabisa kabisa.»

Nyuma ya ukuta watu walikuwa bado wanaimba simama.

Watu wanasema ulimi hauna mufupa. Ni kweli, ndiyo maana ulimi hauvunjiki, anavunjika mwingine. Mufupa wa Gracia ulikuwa umehama mahali pake. Hospitali wakauvuta upya, nikashika kichwa chake na sitaki kueleza. Plâtre ya pili ilikaa wiki tisa. Walipoitoa, muguu ulikuwa mwembamba, mufupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili, na goti lilikuwa gumu.

Hospitali wana Papa Hubert, wa kiné, yule anayefundisha wagonjwa kutembea tena. Muntu wa sauti ya chini na mikono mikubwa. Akaniita pembeni. «Mama Gracia, vidole viwili si kitu, atachechemea lakini atatembea. Ninaogopa goti. Mulikunje kila siku, na asimame na magongo, akanyage kidogo kidogo. Muko na mwezi mumoja. Mukimuacha kitandani mwezi huu, goti litakauka, na likishakauka, hapa kwetu hakuna wa kulifungua.»

Basi. Hiyo njo ilikuwa vita yetu, ya mwezi mumoja, na mutoto alikataa. Si kwamba alikuwa mubishi. Alikuwa anaogopa tu. Nikimukunja goti anauma shuka. Nikimwambia tukanyage, anageukia ukuta.

Na baba yake? Ee, hapo njo hasira yangu ilipokuwa. Tangu ile Jumamosi Barnabé hakusema neno juu ya jambo lile. Alileta biskuti. Alileta chungwa. Mazoezi yake aliyahamishia kule ziwani, anasema na maji, ili mutoto asisikie. Kazi hakuacha, kwa sababu lazima tule, na kila siku saa tisa Kisimba alishinda tena kwa sauti ya nyumba yetu, na Gracia aliweka kichwa chini ya muto.

Siku moja nilimulazimisha. Akaingia, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akasema vizuri kabisa: «Gracia, mwanangu, simama kidogo tu.»

Mutoto akaziba masikio na mikono miwili. «Ni ile sauti! Mama, ni ile ile! Mwambie asiniambie simama! Anasema uongo na sauti nzuri!»

Barnabé akatoka. Nilimukuta nyuma ya nyumba ameshika ukuta.

«Mwambie ulikosea,» nikasema. «Mwambie yale maneno yalikuwa yako, hayakuwa kwenye katuni. Mutoto anafikiri yeye njo hakuamini vya kutosha. Unajua hiyo? Jana aliniuliza kama imani yake ilikuwa ndogo!»

«Evodie, nikimuangalia, maneno hayaji. Sijui kusema mimi mwenyewe.»

«Unasemea watu arobaini kwa siku moja! Unasemea mupaka farasi!»

«Hao hawaniangalii,» akasema.

Nilitaka kumupiga na mwiko. Nikaenda kukanda unga.

Wiki tatu zikapita hivyo. Papa Hubert akashika goti, akalikunja mupaka mahali linapokatalia, akatikisa kichwa. Ilibaki wiki moja. Kwa miguu yangu nilikwenda kumuomba Mungu kanisani, na nilipotoka nilikuwa bado na hasira.

Jumamosi ile ilikuwa episodi ya mwisho. Kisimba na Bwana Minerval, uso kwa uso, juu ya muji wa mawingu. Watu walikuja mupaka kutoka Lubuye. Mbele kabisa alikaa Jovial, kijana wa taksi-moto, yule wa kubeba watu na pikipiki, ambaye anajua maneno yote ya Kisimba kwa kichwa na huwa anayasema kabla ya Barnabé. Mafuta yangu yalikuwa yamepata moto vizuri. Barnabé alianza kwa nguvu, watu wanapiga miguu chini, ninasema kweli hakuwahi kusema vizuri hivyo.

Halafu akanyamaza katikati.

Nyumba ya video ikinyamaza, muntu wa mikate lazima ageuke. Nikavuta pazia. Kisimba sikumuona hata siku ile. Kwenye televizyo niliona kijana mufupi, amelala kwenye ngazi, ndoo mbili zimepinduka, maji yanamwagika lakini hayatembei. Kumbe ni Kayumba. Ile sehemu ya kuchekesha inakaa sekunde tano tu, kabla ya vita ya mwisho, na Barnabé ameshika telekomande, ameisimamisha picha.

«Kayumba,» akasema kwenye mikro.

Watu wakaanza kucheka, wanangoja kigugumizi. Hakikuja. Ilikuwa sauti ya nyumbani, ile ya kuuliza chumvi iko wapi. Sijawahi kuisikia inapita kwenye mikro.

«Kayumba, usisimame. Kaa kwanza.»

Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

«Ninajua inauma. Nilikuambia maumivu ni uongo. Uongo ni mimi. Yule Kisimba alisimama siku moja kwa sababu hana mufupa, walimuchora na kalamu. Wewe uko na mufupa. Yale maneno hayakuwa kwenye Kifaransa. Kwenye Kifaransa kulikuwa neno moja tu. Mengine yote niliyatoa hapa, kwenye kichwa changu, ili watu wapige makofi. Uliamini vizuri. Hakuna muntu aliamini kukushinda. Muongo alikuwa mimi.»

Alikuwa hatazami televizyo. Alikuwa ametazama ukuta, ule wetu. Nikajua anasema na nani, na mimi peke yangu njo nilijua.

«Weye, Papa Barna! Acha picha itembee!» Jovial akapiga kelele. Wengine wakapiga filimbi. Muntu mumoja akarusha ganda la ndizi.

Papa Germain akapita katikati ya mabenchi. Si muntu mubaya, sitamusema vibaya. Alimuinamia Barnabé na kumwambia karibu kwa huruma: «Ndugu yangu, hawa wamekuja kuona muntu anashinda. Kushindwa wanako nyumbani kwao.»

Na mimi, hata na ile hasira, nilimuelewa. Jovial ile wiki walikuwa wamemunyanganya pikipiki yake. Mama aliyekaa nyuma yake alikuwa amezika. Saa moja kwa siku wanataka mutoto wa Zongwe ashinde bure kwa ajili yao, na sisi tulikuwa tunakula kwa saa hiyo.

«Acha nimalize,» Barnabé akasema.

Papa Germain akachomoa waya wa mikro.

Barnabé akaendelea bila mikro. Alipaza sauti kuelekea ukuta, sauti ikapasuka, mambo ya koro yakaisha pale. «Unisamehe! Unasikia? Unisamehe, mwanangu!» Watu walikuwa wanapiga kelele mupaka sikujua kama neno lilivuka. Halafu Jovial akasimama, akachukua mikro, akarudisha waya, akabonyeza telekomande, akapaza sauti ya Kisimba. Nyumba ikalipuka upya. Namna hiyo njo kazi ya Barnabé ya miaka tisa ilivyokwisha. Barnabé akapita pembeni yangu kwenye pazia, uso wote maji, hakuniona.

Nikatoa sufuria kwenye moto, nikamufuata mbio.

Gracia alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Miguu yote miwili ilikuwa chini. Siku zote tangu plâtre itoke, ule wa kushoto haukuwahi kugusa sakafu. Alikuwa analia, mukono mumoja umeshika goti.

«Papa,» akasema, «inauma.»

Mimi nilikuwa mulangoni, nikaziba kinywa changu kwa mukono, kwa sababu nilijijua, ningesema neno la kutia moyo. Barnabé akachuchumaa mbele yake.

«Ee,» akasema. «Inauma.»

«Inauma sana.»

«Sana.»

«Nikikanyaga, itavunjika tena?»

«Papa Hubert anasema hapana. Mimi sijui. Mimi siyo docteur.»

Gracia akamuangalia, kutafuta kama kuna chumvi katika maneno. Nyuma ya ukuta Bwana Minerval alikuwa ameanguka, watu wanaimba. Hao wawili walikaa vile mupaka watu wa video wakatoka na kwenda makwao.

Siku ile hakusimama, musidanganyike. Jumapili hakusimama. Jumatatu akashika magongo, akasimama, akahesabu mupaka nne, akakaa. Jumanne akakataa kabisa, akanitukana mimi na Papa Hubert pamoja. Jumatano akahesabu mupaka saba. Mwezi ulipokwisha goti lilikuwa limefunguka nusu, na Papa Hubert alisema nusu hiyo njo ataishi nayo. Nililia, mimi nilikuwa ninataka goti zima. Bado ninalitaka.

Sasa Barnabé anabeba magunia bandarini, na jioni anapaka mafuta mabega. Mufasiri ni Jovial. Mikate ninakaanga pale pale, kwenye pazia lile lile, kwa sababu njaa haina kiburi, na wameleta seri mupya ya katuni, na huko pia kuna kijana anayelala mupaka jua linamuchoma, na Jovial anamuita huyo naye mutoto wa Zongwe.

Wiki iliyopita, Gracia alitaka kuchota maji mwenyewe. Ndoo ndogo, ya lita tano. Kutoka bomba mupaka mulango wetu ni hatua hamusini. Barnabé alikuwa amekaa kizingitini, ametoka tu bandarini, ninaona anataka kuinuka, nikamushika shati. Mutoto akaja anachechemea, maji yanaruka kwenye kanga yake, na katikati ya njia muguu ukachoka. Akaweka ndoo chini. Akakaa kwenye vumbi pembeni yake, muguu wa kushoto umenyooka mbele.

Ndani ya video Jovial alikuwa amefika mahali pake pa kupenda. «Simama!» mikro ikapiga kelele mupaka ukuta ukatetemeka. «Simama, simama, mutoto wa Zongwe!»

Gracia akageuza kichwa.

«Nyamaza weye,» akaambia ukuta. «Bado ninapumuzika.»